Wimbo wa Pumzi Fupi

Placide aliishiwa na pumzi katikati ya mstari wa pili, mbele ya magitaa matatu, ngoma moja na vijana waliojazana mlangoni kumwona mtu aliyefufuka. Mstari wenyewe alikuwa ameuimba katika harusi zote kubwa za mji wa Baraka kabla kifua kikuu hakijamlaza. Alifungua mdomo, neno likatoka nusu, na nusu ya pili ikabaki kifuani kama mfupa wa samaki. Gitaa lilimngoja kidogo. Likamngoja tena.

Ndipo Junior, kijana aliyeshika maikrofoni yake muda wote wa ugonjwa, aliposogea taratibu na kummalizia mstari. Alimmalizia kwa heshima, macho chini, kwa sauti nzuri, na hilo ndilo lililouma. Mtu akikucheka unaweza kumtukana. Akikusaidia utamfanya nini?

“Pumuzika, yaya,” mkubwa wa bendi alimwambia, kama mtu anavyomwambia kaka yake. “Utarudia siku ingine.”

“Siku gani?”

“Siku ingine.”

Placide aliweka maikrofoni chini. Alipofika mlangoni aligeuka kuaga, akamwona mkubwa wa bendi anaipangusa kwa kitambaa, polepole, kila upande, ingawa waganga wa hospitali walikuwa wameshatangaza kwamba Placide amepona na hawezi kumwambukiza mtu. Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta mkewe Rosette akikaanga mikate kando ya barabara, na kaka yake mkubwa Patrice ameketi karibu na sufuria, akila ile iliyoungua. Patrice alifanya kazi ya kuchimba dhahabu huko Lulimba. Alikuwa ameshuka Baraka kununua kamba na majembe, na Jumapili baada ya ibada angerudi.

“Banasema nini kule?” Rosette aliuliza.

“Banasema nipumuzike.”

“Basi pumuzika.”

“Tangu mwaka jana napumuzika, Rosette. Hata mbuzi ikipumuzika vile, banaichinja.”

Patrice alicheka, akajipangusa mafuta kidevuni. “Njo maana nakuambia, leki yangu, mudogo wangu. Tuende Lulimba. Sitakutuma mu shimo. Utakuwa inje, ku jua, unasaga mawe tu.”

“Na vumbi?” Rosette aliuliza.

“Vumbi gani, shemeji?”

“Ya mawe. Ama mawe ya Lulimba ikisagwa inatoka manukato?”

“Shemeji, we nawe.”

“Muganga alisema pafu moja ilikauka sawa kasamaki ndakala ya kuanika. Unataka ile ingine uijaze mchanga?”

Patrice alichukua mkate mwingine ulioungua. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Usiku ule Placide alipotapika damu, ni Patrice aliyembeba mgongoni hadi hospitali, akilia njia nzima kama mtoto. Lakini Patrice alijua kazi moja tu, na mtu huwagawia wenzake kile alicho nacho.

Placide naye alitazama mikono ya mkewe. Wakati wa ugonjwa watu wa mtaa waliacha kununua mikate yake. Rosette hakugombana na mtu. Alikaanga ndani ya nyumba, kisha jirani yao akaiuza upande wa pili wa barabara kana kwamba ni yake, na wale wale waliokimbia wakaisifu. Rosette alisimulia habari hiyo akicheka. Placide hakuwahi kuicheka. Aliona kwamba mwanaume ambaye mkewe anauza mikate yake kwa jina la mwingine hana haki ya kuogopa vumbi.

“Jumapili nitaenda na we, yaya,” alisema.

Rosette aligeuza mkate mmoja, akaugeuza tena, ingawa ulikuwa umeiva.

*

Alasiri hiyo hiyo mama Dorothée, rais wa korale ya bamama, kwaya ya akina mama wa kanisa lao, alipiga hodi. Alikuwa mjane mrefu mwenye goti bovu, na aliketi kwa awamu: kwanza mkono, kisha kiuno, kisha mguu.

“Mwanangu,” alimwambia Placide, “natafuta wimbo.”

“Mi siwezi kuimba tena, mama.”

“Nani alikuomba kuimba? Kuimba tutaimba siye. Nakuomba ile kintu ya kuimba.”

Placide aliketi mbele yake. Maishani mwake alikuwa ameimba nyimbo za wengine, na zake mbili tatu alizozitunga kwa mchezo. Hakuna aliyewahi kuja mlangoni kwake kuomba wimbo kama mtu anavyoomba kiti kwa fundi.

Mama Dorothée alieleza shida yake. Jumapili kulikuwa na ibada ya mavuno, na makorale yangekuja kutoka Swima na kutoka Fizi penyewe. Mwaka uliopita bamama waliazima wimbo wa korale ya vijana. Ulikuwa mtamu, lakini mistari yake ilikuwa mirefu, na wengi wa bamama walikuwa bibi wazee. Walikatika katikati. Watoto wakacheka, na watu wazima wakatoka kwenda kutazama chakula.

“Hatutafute kushinda mutu,” alisema. “Tunatafuta paka kintu moja tu. Batu babakie ku kiti.”

“Jumapili mimi nasafiri.”

“Utasafiri kisha ya wimbo.”

Rosette, aliyekuwa amejifanya anaosha sufuria, alisimama wima. “Yaya Patrice,” alisema, “tusikilizane. Kama Jumapili batu banatoka, bwana yangu aende na we Lulimba, sitalia. Kama banabakia, anabakia.”

“Na kisha atakula nini? Nyimbo?”

“We ulikula nini leo asubui? Ile yenye iliungua. Haukukufa.”

Patrice alimtazama mdogo wake. Placide alitikisa kichwa kukubali, na shauri likafungwa hivyo, mama Dorothée akiwa shahidi. Goti lake lilihitaji mtu wa kila upande ili asimame.

*

Placide alitunga siku mbili. Alitunga kwa hasira, akiwakumbuka wale wa bendi na kitambaa chao. Alitaka wimbo mkubwa, wenye maneno mazito, ili kila mwenye masikio ajue kwamba koo limekufa lakini kichwa ki hai. Alhamisi alikwenda uani mwa kanisa na kuwasomea bamama mstari wa kwanza, ambao ulitakiwa kuimbwa bila kukatika:

*Ee Mwenyezi uliyezitandaza mbingu juu ya milima yetu na juu ya maji yote ya Tanganyika.*

Walijaribu. Wa mbele walikufa kwenye mbingu. Wa nyuma walifika milimani. Majini hakufika mtu.

“Mwanangu,” alisema mama Solange, mnene, muuza mawese sokoni, “ile Tanganyika yako, tunaifikia tukiwa maiti.”

Wakacheka wote. Placide hakucheka.

“Vuteni pumuzi ku tumbo, mama. Ku tumbo.”

“Tumbo yangu ilizaa batoto kumi na moja. Ilishamaliza kazi yake.”

“Basi munataka nini? Wimbo ya batoto wachanga? Nimeacha kulala sababu yenu, na nyie munacheka!” Sauti yake ilipasuka, na bamama wakamtazama, si kwa woga, bali kama watu wanavyomtazama mtoto mwenye usingizi.

“Haya,” mama Dorothée alisema. “Tuonyeshe. Imba we.”

Hakuweza kukataa. Alivuta hewa yote ya ua ule, akaanza, na kwenye milima kifua kikamfunga. Alikohoa akiwa ameinama, mikono magotini. Alijua kinachofuata: watu kurudi nyuma hatua moja, leso kupanda puani. Alikuwa ameyazoea hayo hata akawa haangalii tena.

Mama Solange alimshikia kikombe cha maji usoni. “Kunywa.”

“Mama, hii ni yako.”

“Sikukuuliza ni ya nani.”

Alikunywa nusu. Mama Solange akakichukua, akamalizia nusu iliyobaki, akaendelea kulalamikia jua. Hakuna aliyeona ajabu isipokuwa Placide mwenyewe, ambaye alilazimika kugeuka na kujifanya anatafuta kitu ukutani.

“Wimbo ni muzuri,” mama Dorothée alisema mwishoni. “Lakini hauko wetu. Na naona hauko wako pia.”

*

Alirudi nyumbani akiwa amekwisha kufunga mizigo kichwani mwake. Njiani, kwenye mteremko unaotoka ziwani, alimkuta Rosette anapanda na bidoni la maji kichwani, na nyuma yake jirani yao na bidoni lake. Walikuwa wakizungumza kama wanawake wote wa mteremko ule wanavyozungumza.

“Mutoto wake...” alisema Rosette, akavuta pumzi.

“...alirudia ku masomo?” jirani akadaka.

“Alirudia. Lakini baba yake...”

“...ni yule yule.”

“Ni yule...”

“...hachoki.”

Placide alisimama katikati ya njia. Hakuna hata mmoja aliyemaliza sentensi yake, na hakuna sentensi hata moja iliyoanguka. Mmoja alipopumua, mwenzake alibeba. Walipanda mlima mzima hivyo, na mzigo kichwani, wakisengenya kwa raha.

“Rudia,” alimwambia mkewe.

“Nirudie nini?”

“Yote. Teremuka, upande tena.”

“Placide, homa ilikurudilia?”

Asubuhi iliyofuata alimfuata hadi ziwani, na safari ya pili, na ya tatu. Alitembea kando yake akimpa maneno, na Rosette akayasema huku anapanda. Pale alipovuta pumzi, hapo Placide alikata. Hapo ndipo mstari uliishia, upendeze usipendeze. Wavuvi vijana waliokuwa wakishona nyavu ufukweni walifurahi sana.

“Placide, unasindikiza bidoni, ama bidoni inakusindikiza?”

“Mupokee muke wako maji, mwanaume!”

“Bwana yangu iko kazini,” Rosette aliwajibu bila kugeuza shingo. “Nyie muliamuka kufanya nini? Kuhesabu matundu?”

Lakini walipopita alimgeukia mumewe. “Na kusema kweli, mimi nachoka. Napanda mulima na maji ku kichwa, na we unaniuliza kama ‘Bwana’ ikae mbele ama nyuma.”

“Ikae wapi?”

Rosette alitembea hatua kadhaa. “Mbele. Nyuma pumuzi haitoshi.”

Akaiweka mbele. Maneno yake makubwa yalianguka moja moja kwenye mteremko ule. Mwenyezi alianguka. Mbingu zilianguka na kutandazwa kwake. Placide aliyapenda maneno yale kama mtu anavyopenda viatu vyake vya harusi, na aliyakata huku ameuma meno. Yaliyobaki yalikuwa mafupi hata akaona haya. Jioni, mbele ya bamama, aliwapanga safu mbili, ya mbele na ya nyuma, akawapa.

*Bwana, ngoja,*
*— usitangulie.*
*Mlima huu*
*— twaujua.*
*Mzigo huu*
*— tumeuzoea.*
*Sisi wa nyuma*
*— tunakuja.*

“Safu ya mbele ikipumua, ya nyuma inakamata,” alieleza. “Musifiche pumuzi. Pumueni batu basikie.”

Mama Dorothée alikuwa amekunja uso. “Tunamwambia Mungu angoje?”

“Mama, nyie mulimungoja miaka ngapi?”

Mjane yule alilishika goti lake bovu. Mumewe alikuwa amefariki akiwa kijana, na wanawe wawili walizikwa mbali, mahali asipopafahamu. Kisha akapiga makofi mara moja, kama mtu anayefunga duka.

“Safu ya mbele,” alisema. “Tuanze.”

*

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Korale ya vijana iliimba na kinanda, ikachezesha watu. Ya Fizi ikaimba vizuri zaidi. Harufu ya wali na samaki ilishaanza kuingia kwa mlango wa nyuma, na muongoza ibada, ambaye hakuwa na nia mbaya, akatangaza: “Sasa tutasikia bamama. Na wenye kazi ya kupakua chakula banaweza kuanza kutoka.”

Wenye kazi ya kupakua walikuwa kumi. Waliosimama walikuwa mabenchi mazima mazima.

Patrice alikuwa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Nje pikipiki ya kukodi ilimngoja, mwenyewe kando yake, na mizigo miwili imefungwa nyuma, wake na wa mdogo wake. Aliwaona watu wanasimama, na hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Rosette alikuwa amefumba macho. Placide alisimama ukutani, mikono mfukoni, amejikaza usoni kama mtu anayepigwa sindano.

Bamama walipanda mbele kwa shida, wakishikana. Hakukuwa na kinanda. Mama Dorothée aliinua mkono.

*Bwana, ngoja,* iliimba safu ya mbele, na ikakatika.

Ikasikika pumzi. Pumzi nzito ya wanawake wazee, wote kwa pamoja, kama wanavyopumua bidoni linapowekwa chini. Vijana wakageuka na tabasamu tayari mdomoni, maana walidhani ni mambo ya mwaka jana. Waliokuwa wamefika mlangoni wakageuka nao, wapate kucheka kabla ya kula.

*Usitangulie,* ilijibu safu ya nyuma, kwa sauti ya chini iliyotoka kama ndani ya ardhi.

Tabasamu zikabaki hapo hapo, hazina kazi. Safu ya mbele ilikuwa imeshapata hewa. *Mlima huu,* wakasema, na kabla mtu hajaogopa kwamba wataanguka, wa nyuma wakaupokea. Mzigo ukapita kutoka safu hadi safu, haukugusa chini. Mara ya tatu, mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani tupu mkononi akajikuta anadaka *tunakuja* pamoja na safu ya nyuma. Kisha benchi lake. Mama Solange alikuwa anatoka machozi na jasho pamoja, na hakupangusa lolote. Watu waliosimama wakaanza kuketi, mmoja mmoja, wengine chini sakafuni kwa kuwa nafasi zao zilishachukuliwa. Wali ukaungua. Ilisemwa baadaye kwamba uliungua sufuria tatu, lakini watu wa Baraka hupenda kuongeza.

Placide hakuimba hata neno. Midomo yake ilicheza tu, na kila bamama walipopumua, naye alipumua.

*

Baada ya ibada Patrice alimngoja nje, ameegemea pikipiki.

“Ile wimbo, we njo uliitunga?”

“Mi njo, yaya.”

“Na jina yangu uliweka fasi gani?”

“Yaya, ni wimbo ya Mungu.”

“Banamuziki wote banatajaka jina ya batu. Hata mwenye kuuza soda banamutaja. Mi nilikubeba ku mugongo, na sikusikia hata ‘Pa’.”

Placide alicheka hadi akakohoa, na Rosette akamshika bega. “Nitakuweka mu ingine.”

“Ingine ya nani? Nani atakuomba ingine?”

Swali lilikuwa la kweli. Patrice hakuliuliza kwa dhihaka. Alitazama mizigo miwili kwenye pikipiki, akamtazama mdogo wake aliyekonda, na ilionekana anatafuta mwenyewe jibu ambalo lingemruhusu kuondoka na moyo mweupe.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni, kitenge cha korale ya Swima kiunoni, akingoja watu wa familia wamalize maneno yao. Alijitaja: mama Félicité, muongozaji wa bamama wa huko.

“Baba,” alimwambia Placide, na ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye umri wa mama yake kumwita hivyo. “Mwezi ujao tuko na sikukuu. Siye tuko na unga na samaki, na tutachanga kidogo. Unaweza kututungia?”

“Ile ya leo haitoshi?”

“Ile ni ya hawa. Siye kwetu hatupandake mulima na maji. Tunavuta nyavu ku muchanga, batu makumi mbili ku kamba moja.”

Placide alisahau kaka yake, akasahau hata wali. “Munavutaka namna gani? Munapumua pamoja ama kila mutu na yake?”

“Sijawahi kuangalia.”

“Nitakuja kuangalia. Kesho kutwa. Nikute munavuta.”

“Ataangalia akikaa chini,” Rosette alimwambia mama Félicité, “na mutamupa kitu ya kufunika kifua. Asubui ya ziwa iko baridi.”

Patrice alikuwa amekwisha kuwageuzia mgongo. Alikuwa anahangaika na kamba ya mizigo, fundo lake mwenyewe, alilolikaza asubuhi ili lisifunguke hadi Lulimba. Alilifungua kwa meno. Akaushusha mzigo wa Placide, akaukung’uta vumbi, akampa Rosette bila kumtazama, kisha akapanda.

“Uliniambia batu babili,” mwenye pikipiki alinung’unika.

“Nilikudanganya,” Patrice alisema. “Washa.”